Jalidi, Upepo na Mvua za Kwanza: Matazamio ya Miezi ya Septemba hadi Novemba katika Nyanda za Juu Kusini

(Hotuba iliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama, mwanzoni mwa Septemba. Tunaichapa kwa ombi la vyama ambavyo wajumbe wake hawakuweza kufika.)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya madaftari, stakabadhi na salio la benki, na huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona katika ratiba kwamba leo mkaguzi atazungumza habari za baridi na mvua. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Elimu yangu ya jiografia ni ile ya sekondari, na mengi nitakayoyasema nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kwa kukosea. Lakini nimekagua vyama vya nyanda hizi tangu mwaka 2009, na naweza kusema bila kusita kwamba madeni mengi niliyoyakuta hayalipiki hayakuanzia katika kabati la fedha. Yalianzia shambani, katika miezi hii mitatu tunayoiingia sasa.

Watu wa Ulaya wana majira ya machipuko, nao huyahesabu kuanzia Machi. Sisi tulio kusini mwa Ikweta, kama tungetaka kuyatafuta ya kwetu, tungeyakuta Septemba, Oktoba na Novemba. Hatuna jina moja la kuyaita. Husemwa tu kwamba kipupwe kimekwisha na mvua bado. Hata hivyo, tazameni njiani mnaporudi: mipichi inachanua vijijini, na huko chini, katika misitu ya miombo, miti inatoa majani mapya mekundu kabla hata tone moja halijaanguka. Ardhi imekwisha kuanza mwaka. Vyama vyetu navyo vimekwisha kuanza: ndiyo miezi ya kuagiza mbolea, kugawa mbegu, kuandika mikopo na kutia sahihi ahadi. Tunatia sahihi hizo wakati ambapo anga bado haijaamua lolote.

Nitaanza na jalidi, kwa sababu ndiyo isiyozungumzwa sana katika redio, na ndiyo iliyonifundisha mimi binafsi.

Katika vijiji vyetu wengi huiita barafu. Ni ule ukungu mweupe unaoganda juu ya majani alfajiri, na jua likipanda unayeyuka, halafu ifikapo saa sita mchana majani ya viazi yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Kilele chake ni Juni, Julai na Agosti. Wakati huo mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi hupata nguvu na kuisukuma hewa kavu na ya baridi kuelekea kwetu, pamoja na pepo za kusi. Lakini Septemba haijawa salama katika mabonde ya juu, na mkulima wa Makete au wa pembezoni mwa Kitulo hahitaji kuambiwa hivyo na mkaguzi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kwa hiyo ikiwa usiku mmoja Njombe ina nyuzi 5, Kitulo yaweza kuwa na nyuzi 1 tu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu mambo mengine.

Na mambo mengine ndiyo makubwa zaidi. Usiku usio na mawingu, ardhi huupoteza upesi mno ule moto ilioupokea mchana, kama chungu kilichoachwa wazi. Mawingu yakiwapo ni kifuniko. Tena hewa iliyopoa ni nzito kuliko yenye joto, nayo huteremka polepole kutoka vilimani na kutuama mabondeni, vivyo hivyo kama maji. Hapo ndipo penye vinyungu vyetu. Kinyungu ni mali kubwa ya mkulima wa nyanda hizi: unyevu wa bonde humwezesha kulima viazi, maharage na mboga wakati wa kiangazi, hali mwenzake wa mlimani amekaa. Lakini unyevu uleule unapatikana mahali pa chini kabisa, na mahali pa chini kabisa ndipo baridi inapolala. Mara nyingi nimeona shamba la chini limeungua lote, na shamba lililo juu ya ukingo, hatua 100 tu kutoka hapo, halikupotewa na jani.

Sasa niseme lililonikuta. Mwaka 2011 nilikwenda kukagua chama kimoja cha msingi kilichoko katika bonde la juu. Jina lake sitalitaja. Chama hicho kilikuwa kimewakopesha wanachama wake mbegu za viazi mviringo na mbolea kwa ajili ya vinyungu. Nilifika Novemba. Nikakuta karibu nusu ya mikopo haijarudishwa hata shilingi moja. Katibu, mtu mzima, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, aliniambia kwamba viazi viliunguzwa na barafu usiku mmoja mwanzoni mwa Septemba. Nikamwuliza ushahidi uko wapi. Nilipekua kumbukumbu za Bodi za mwezi wa Septemba na Oktoba. Hapakuwa na neno. Nikaomba takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Zikaonyesha kwamba katika juma lile joto la chini kabisa lilikuwa nyuzi 4. Mimi nilikuwa najua, kama kila mwanafunzi anavyojua, kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0. Basi nikaandika katika taarifa yangu kwamba sababu iliyotolewa haikuthibitika, na kwamba madeni yalitokana na uzembe katika ufuatiliaji.

Taarifa ya mkaguzi husomwa mbele ya Mkutano Mkuu. Yule katibu aliondolewa. Wanachama waliagizwa kulipa, nao walilipa, wengine kwa kuuza mbuzi na wengine kwa kuuza mahindi ya chakula. Mimi niliondoka nikiridhika kwamba nimefanya kazi yangu.

Miaka miwili baadaye nililala katika bonde jingine la namna ile, mwezi wa Julai. Shuleni hapo palikuwa na kipimajoto kilichotundikwa ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, na mwalimu mmoja alikuwa akiwafundisha watoto kukisoma. Alfajiri nilitoka nje nikakuta majani yote ya uwanja ni meupe, yanavunjika chini ya viatu. Nikaenda kibandani. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 3. Nilimwuliza mwalimu kama chombo hakikuharibika. Alicheka, akasema chombo ni kizima. Kipo zaidi ya mita 1 juu ya ardhi, ndani ya kivuli, ndivyo kilivyoamriwa kiwe kila mahali duniani ili vituo viweze kulinganishwa. Lakini kiazi hakioti hewani. Usiku mtulivu usio na wingu, hewa iliyogusana na majani yaweza kuwa baridi kuliko ile ya kibandani kwa nyuzi 3, 4 au hata 5. Nyuzi 4 za kibandani, katika bonde lililo juu kuliko kituo chenyewe, si ushahidi kwamba hapakuwa na jalidi. Kwa hakika ni dalili kwamba ilikuwapo.

Niliandika barua ya kusahihisha taarifa yangu. Ipo katika jalada. Lakini mbuzi walikwisha kuuzwa, na katibu yule hakurudi tena katika kazi hiyo. Aliniambia kwa adabu kwamba amechoka na kalamu. Sijapata namna ya kulifunga jambo hili katika vitabu vyangu mwenyewe.

Nimewaeleza haya, Ndugu, kwa sababu moja ya kazi. Kosa langu lilikuwa la ujinga, lakini lilipata nafasi kwa sababu chama hakikuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa siku ile. Laiti katibu angaliandika, "Leo tarehe fulani, alfajiri, jalidi imeanguka katika bonde letu, mashamba ya wanachama hawa yameungua, wajumbe wawili wamekwenda kuyaona," nisingalikuwa na la kusema. Neno la mdomo mbele ya mkaguzi ni kama maandishi ya mchangani.

Juu ya kuikinga jalidi yenyewe nitasema machache, maana maafisa ugani wapo na wanajua zaidi. Sehemu ya chini kabisa ya bonde iachiwe mboga zinazostahimili baridi kama kabichi, na viazi vipandwe juu kidogo. Mwanachama mwenye maji ya mfereji aloweshe udongo mchana wa siku ambayo anga ni nyeupe na upepo umekufa, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Vitalu na miche ya miparachichi ifunikwe kwa nyasi jioni na kufunuliwa asubuhi. Moshi wa kuchoma takataka, ambao wengi tunautegemea, husaidia kidogo sana. Watu hukesha bure na kupata kikohozi. Na shamba likiungua, lising'olewe siku ileile. Kiazi huweza kuchipua tena kutoka kwenye shina lililo chini ya udongo. Ngojeni siku 10 hadi 14 ndipo mpime hasara. Nimeona chama kikifuta mkopo upesi kwa huruma, halafu mwanachama akavuna nusu ya mavuno yake na kuyauza pembeni. Huruma ya namna hiyo nayo hula mtaji wa wengine.

Sasa upepo. Nitaupitia kwa haraka, ingawa wenzangu wa Makambako watasema naudharau, maana mji wao unajulikana kwa upepo. Yafaa tujue kwanza kwamba upepo na jalidi havilali kitanda kimoja: usiku wa upepo hewa ya juu na ya chini huchanganyika, na baridi haipati nafasi ya kutuama. Kwa hiyo mkulima anayelalamikia upepo wa usiku wa Agosti huenda analalamikia mlinzi wake. Lakini upepo wa Septemba na Oktoba ni mkavu, nao hunyonya unyevu wa vinyungu, hupukutisha maua ya miti ya matunda, na zaidi ya yote hubeba moto. Katika wilaya ya Mufindi lipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na karibu kila kijiji cha ukanda ule kina misonobari ya wanachama. Moto mmoja wa kusafishia shamba, uliowashwa saa 8 mchana na mtu mmoja asiye na haraka ya kutazama huku na huku, humaliza miti ya miaka 15. Vyama vyenye miti visafishe mikanda ya kuzuia moto sasa, majani yakiwa bado hayajawa baruti kabisa. Na makatibu wenye maghala wapande juu ya paa wenyewe, au wampandishe mtu, kukagua misumari ya mabati. Dhoruba za kwanza za Novemba huja na upepo wa ghafla na mara nyingine mvua ya mawe. Bati likiinuka usiku mmoja juu ya mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13, kazi yote ya kuyakausha imepotea. Magunia yawe juu ya chaga, mbali na ukuta.

Nafika kwenye mvua, ambayo ndiyo mliyoijia.

Katika mikoa ya kaskazini na pwani wana mvua za aina mbili, vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, unaoanza aghalabu Novemba na kwisha Aprili, au Mei kwa wale wa Rungwe na Kyela ambao Ziwa Nyasa huwapa ziada yao. Mvua hizo huletwa na ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo hulifuata jua: Oktoba unashuka kutoka kaskazini, Novemba na Desemba unatufikia, Januari unakuwa kusini kwetu, kisha unarudi. Tena kuna hewa yenye unyevu inayotoka magharibi, upande wa misitu ya Kongo, nayo ikifika kwa nguvu mvua zetu huwa nzuri.

Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa matazamio ya mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili. Nawaomba makatibu wayasome yenyewe kwa ukamilifu, wasitegemee lile neno moja linalotangazwa sokoni. Neno "wastani" katika taarifa hizo lina maana yake maalumu. Ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa miaka mingi. Tuseme kijiji kina wastani wa milimita 1,000. Msimu wa milimita 750 utaitwa wa wastani, na msimu wa milimita 1,250 utaitwa wa wastani vilevile. Mwanachama aliyelima mlimani penye udongo mwepesi ataona tofauti kubwa sana baina ya hizo mbili, na wala Mamlaka haitakuwa imekosea. Zaidi ya hayo, jumla ya msimu haisemi mvua imegawanyikaje. Milimita 900 zilizonyesha vizuri huzidi milimita 1,200 zilizokuja kwa mafuriko mawili na ukame wa majuma matatu katikati.

Kuna jingine. Matazamio huzungumzia uwezekano, nayo huzungumzia kanda nzima. Yakisema kwamba mvua za juu ya wastani zina nafasi kubwa zaidi, maana yake si kwamba nyingine haziwezi kuja. Bodi inayokopesha mtaji wote kwa kutumaini jambo lenye nafasi 6 katika 10 inacheza karata na fedha za watu.

Nimeulizwa mara nyingi habari za El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki. Tangu mvua za mwaka 1997 na 1998, zilizokata barabara na reli nchini, neno hilo limekuwa la kutishia watoto. Ni kweli kwamba El Niño aghalabu huongeza mvua za vuli huko kaskazini. Lakini mwaka 2015 palikuwa na El Niño yenye nguvu sana, na mvua za vuli za Afrika Mashariki hazikufika zile za 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kusemwa, na mvua zikafurika, kwa kuwa Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuwapo, na mvua zilikuwa kubwa. Nyanda zetu zipo kama mpakani: kaskazini mwetu El Niño huleta mvua, na kusini, kuanzia Zambia na Zimbabwe kwenda chini, mara nyingi huleta ukame. Kwa hiyo katibu akisikia neno hilo redioni asikimbilie kupunguza wala kuongeza mikopo. Asubiri taarifa ya kanda yake, na ile mpya inayofuata, kwa kuwa Mamlaka huendelea kutoa taarifa za siku 10 na za mwezi msimu unapoendelea.

Linalotuumiza hasa si jumla ya mvua, ni mvua ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba hunyesha siku moja au mbili, ardhi inanukia, watu wanapanda. Kisha anga inafunga milango majuma mawili au matatu. Mbegu iliyokwisha kuota inakufa, na mbolea iliyo chini yake haimfaidii mtu. Wataalamu wengi hutumia kipimo hiki: mvua imeanza ikiwa zimepatikana milimita 20 ndani ya siku 3, na kisha katika siku 30 zinazofuata hapakuwa na mfululizo wa siku zaidi ya 10 bila mvua. Mtasema, na ni haki yenu kusema, kwamba sehemu ya pili ya kipimo hujulikana baada ya mambo kupita. Ndiyo. Lakini sehemu ya kwanza tunaweza kuipima sisi wenyewe, na sehemu ya pili twaweza kuikisia kwa taarifa ya siku 10.

Milimita 20 si nyingi machoni, lakini tazameni: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Milimita 20 juu ya ekari moja ni karibu lita 81,000. Mvua ya milimita 6, ile inayotuma watu kukimbilia ghalani kudai mbegu, ni lita 24,000 tu, na jua la Novemba pamoja na upepo wake huzimaliza kwa siku chache.

Kwa sababu hiyo nimekuja na mapendekezo, ambayo Mwenyekiti ameniruhusu kuyaweka mbele yenu. Kila chama kiwe na kipimamvua kimoja, kisimikwe mahali pa wazi mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, hata siku isiyo na mvua. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Nafasi tupu katika daftari si sifuri, ni kutojua. Vyama vya mabondeni viwe pia na kipimajoto cha kuonyesha joto la chini kabisa la usiku, kimoja kikae mahali pa juu na kimoja bondeni usawa wa majani. Gharama yake haifiki thamani ya mifuko michache ya mbolea.

Na daftari hilo lisikae peke yake. Bodi iamue kabla ya Oktoba kwisha kwamba mbegu na mbolea za mkopo zitatolewa kwa awamu: tuseme sehemu moja kwa wenye mabonde na wanaopanda mapema kwa hiari yao, na sehemu kubwa baada ya kipimamvua cha chama kufikisha milimita 20 ndani ya siku 3. Uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Najua makatibu watapata taabu. Wanachama watasimama mlangoni na kusema mvua imenyesha, wewe unatazama kichupa. Wapo watakaomwita katibu mchoyo. Lakini katibu mwenye uamuzi wa Bodi mkononi na namba katika daftari ana pa kusimama. Asiye navyo atatoa mbegu siku ya kelele kubwa zaidi. Mwanachama asiyetaka kungoja asikatazwe kupanda, shamba ni lake; ila atie sahihi kwamba alichukua kabla ya awamu, ili jambo likiharibika mzigo usimwangukie jirani aliyengoja.

Mjumbe mmoja ameniuliza kabla ya mkutano kama bima ya mazao haitoshi. Bima ni jambo jema, na vyama vinavyoweza viitafute. Lakini ziko bima zinazolipa kwa vipimo vya mvua vya setilaiti au vya kituo, wala hazilipi kwa kuja kulitazama jani lako. Tumekwisha kuona jinsi kituo na bonde vinavyoweza kutofautiana. Kabla ya Bodi kutia sahihi, iulize kipimo kitatoka wapi, na kama jalidi imo katika mkataba au mvua peke yake.

Kwa upande wangu, nimebadilisha karatasi yangu ya ukaguzi. Kuanzia msimu huu, nikikuta mikopo ya pembejeo isiyolipwa, kabla ya kuandika neno lolote juu ya uzembe nitaomba daftari la mvua na baridi la chama. Likiwapo na limejazwa siku kwa siku, nitalisoma kama ninavyosoma kitabu cha fedha, na yaliyomo nitayaingiza katika taarifa itakayosomwa Mkutano Mkuu. Lisipokuwapo, sitakuwa na njia ya kuwatetea, hata nikiwa naamini maneno yenu.

Vipimamvua vilivyonunuliwa na Chama Kikuu vipo katika chumba cha nyuma. Makatibu wa vyama vya mabondeni wachukue kwanza, pamoja na vipimajoto viwili viwili. Kila mmoja atie sahihi katika daftari la vifaa kabla ya kuondoka, na aangalie kwamba kioo hakikuvunjika. Safari ya gari ilikuwa mbaya kidogo. Baada ya chakula nitakuwa uwanjani pamoja na afisa ugani kuonyesha namna ya kuvisimika.